Ndoto ya Mchana Haiezeki Nyumba



Jioni moja ya siku ya mshahara, mama mmoja mchuma chai alinifuata nyumbani kambini akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa amelipa ada kumsikiliza bwana mmoja mgeni aliyefika mjini kwetu, magharibi ya Uganda, kufundisha watu namna ya kufanikiwa. Bwana huyo aliwaambia wafumbe macho, waione nyumba, waione gari, waone fedha, kisha waseme mara nyingi kwa sauti, "Mimi ni tajiri, mimi ni tajiri." Atakayeona na kusema bila mashaka, alisema, atapata.

Mama yule alifanya hivyo kila usiku kwa mwezi mzima. Lakini huko kijijini kwake mvua ilikuwa bado inapenya katika paa la nyasi na kumlowesha mama yake mzee aliyelala ndani. Akaniuliza, "Ndugu katibu, je, ni mimi nisiye na imani, au ni yule bwana aliyetudanganya?"

Sikumjibu upesi. Nilimwambia akae kwanza, kwa sababu swali lake lilinikumbusha aibu yangu mwenyewe. Leo naliandika jibu hilo hapa ili lisomwe na wengine, maana mabwana wa namna hiyo wanazidi kuzunguka katika mashamba na viwanda vyetu, na ada zao zinatoka katika jasho letu.

AIBU YA OFISINI

Mimi elimu yangu ni ya msingi tu. Mwaka 2008 nilikuwa kijana mwenye sauti kubwa, na wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wao. Kambini tulikuwa watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Malalamiko yetu yalikuwa ni mizani. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, nasi kila tulipopima majani, karani alikata kilo 2. Alisema hizo ni uzito wa gunia na maji ya mvua. Alizikata hata siku za jua kali.

Nilitumwa kwa meneja kulisema jambo hilo. Usiku wa kuamkia siku ile nililala chali nikaiona siku ya kesho yote. Nilijiona natoka ofisini nikicheka. Nilijiona nimebebwa mabegani, akina mama wanapiga vigelegele. Nilifurahi kana kwamba mambo yamekwisha, nikalala usingizi mzito.

Kesho yake niliingia ofisini. Meneja hakuwa mkali hata kidogo. Alinipa kiti, akafungua kitabu chake, akaniuliza, "Ni siku gani, shamba namba ngapi, na kilo ngapi?" Basi. Swali moja tu. Sikuwa na tarehe, sikuwa na namba, sikuwa na kilo. Ulimi ukakauka. Nikatoka na mikono mitupu, na nje akina mama walikuwa wananingoja na vikapu vyao mgongoni. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alinitazama tu, kisha akarudi shambani. Kilo zile 2 ziliendelea kukatwa kwa miezi minne mingine.

MZEE WA BOILA

Katika kiwanda chetu kulikuwa na mzee aliyechochea boila kwa kuni za mikaratusi. Alisikia habari zangu, akaniita. Akaniambia, "Mwanangu, wewe uliota harusi ukasahau kuposa."

Tangu siku hiyo, kila nilipotoka zamu, alinikalisha juu ya gogo nyuma ya boila, na yeye akawa meneja. Alinitaka nifumbe macho kama yule bwana wa mjini anavyotaka, lakini mambo aliyotaka niyaone yalikuwa mengine. Niuone mlango wa ofisi. Nikione kiti. Nilisikie lile swali. Niyaone magoti yangu yakitetemeka chini ya meza. Kisha akauliza, "Sasa hapo, ulimi umekauka, unafanya nini?" Nikisema sijui, alinirudisha mlangoni tuanze upya. Hatimaye jibu lilipatikana: ulimi ukikauka, nitafungua daftari na kusoma mstari wa kwanza.

Lakini ili daftari liwe na mstari wa kwanza, ilibidi liandikwe. Hapo ndipo nilipoiona kazi niliyoiruka. Tuliazima mizani ya ndoana kwa mfanyabiashara mmoja wa kahawa, tukapima gunia tupu. Halikufika hata kilo 1. Kwa wiki 3 wachumaji 12 waliniletea kila jioni tarehe, namba ya shamba, kilo walizopima na kilo walizoandikiwa, pamoja na habari kama mvua ilinyesha au haikunyesha.

Nilirudi kwa meneja. Magoti yalitetemeka kama yale ya kwanza. Hayakuniheshimu kwa kuwa nimejitayarisha. Ila safari hii nilikuwa nimekwisha kukutana nayo mara nyingi kule nyuma ya boila. Nikajiita moyoni kwa jina langu, nikajiambia, "Fungua daftari. Soma mstari wa kwanza. Polepole." Nikasoma. Makato yakashushwa hadi kilo 1, makato ya maji yakawa ya siku za mvua tu, na mwakilishi wa wachumaji akaruhusiwa kusimama penye mizani. Fedha za nyuma hatukurudishiwa. Lakini akina mama walipiga vigelegele, na vigelegele vile vilikuwa vya kweli.

MKIMBIAJI MWENYE MZIGO

Mzee wa boila alipenda kunipa mfano wa John Akii-Bua, kwa sababu mwaka 1972 alikuwa kijana na habari zile zilimfikia. Akii-Bua alikuwa askari polisi wa Uganda. Mwaka 1970 alishindana mbio za kuruka viunzi mita 400 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, akawa wa nne. Hakurudi nyumbani kungojea bahati. Chini ya kocha wake Malcolm Arnold, alifanya mazoezi akiwa amevaa kizibao chenye uzito, akiruka viunzi virefu kuliko vya mashindano, na kwa masafa ya mita 1,500 badala ya 400.

Mwaka 1972, katika Michezo ya Olimpiki mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, yaani ile ya ndani kabisa ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji wengi hawaipendi. Alikimbia kwa sekunde 47.82. Alimshinda David Hemery wa Uingereza aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968, akavunja rekodi ya dunia, akawa mtu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ilikuwa nishani ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda.

"Unaona?" mzee alikuwa akisema. "Kiunzi cha Munich kilikuwa kifupi kuliko kiunzi cha nyumbani." Kwa hiyo aliniuliza maswali makali kuliko yale ambayo meneja angeniuliza, akanikatiza maneno, na mara moja alinifukuza kabisa, ili nijue nitafanya nini nikifukuzwa.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Miaka mingi baadaye nilihudhuria semina ya viongozi wa chama. Mwalimu wetu wa elimu ya wafanyakazi alitueleza uchunguzi wa wataalamu wa mambo ya akili, nami nikashangaa, kwa sababu niliyasikia maneno ya mzee wa boila.

Wataalamu wawili, Lien Pham na Shelley Taylor, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, walichapisha uchunguzi wao mwaka 1999. Waliwachukua wanafunzi waliokuwa wanakaribia mtihani. Wengine waliambiwa kila siku kwa dakika chache wajione wamekwisha kupata alama nzuri na wanafurahi. Wengine waliambiwa wajione wakisoma: wamekaa wapi, wameshika kitabu gani, wamezima redio. Waliojiona wakisoma ndio waliosoma saa nyingi zaidi na kupata alama nzuri zaidi kuliko wale waliojiona wakifurahi.

Mwingine ni Gabriele Oettingen, mwanamama wa Kijerumani aliyefundisha pia mjini New York. Yeye na Doris Mayer, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2002, waliwafuata wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wanatafuta kazi. Waliozama zaidi katika ndoto tamu za kazi nzuri walikuja kuonekana baadaye wameandika barua chache za maombi, wamepata nafasi chache na mishahara midogo. Waliokuwa na matumaini yenye msingi, yaani waliotegemea kufaulu kwa sababu ya mambo waliyokwisha kuyafanya, walifanya vizuri zaidi. Basi tusichanganye mambo mawili. Tumaini lenye msingi ni chakula. Ndoto tamu ni ulevi.

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 2011 Oettingen na mwenzake Heather Kappes walionyesha kwamba mtu akijiona amekwisha kufika, nguvu za mwili wake hupungua, kama mtu aliyetua mzigo baada ya safari. Nami ndivyo ilivyonipata usiku ule. Nililala usingizi mzito kwa sababu mwili wangu ulidhani kazi imekwisha. Ndiyo maana mtaalamu huyo hufundisha watu walione lengo, na mara tu baada ya kuliona, wakitazame kizuizi kilichomo katika maisha yao kati yao na lengo hilo.

"IKIWA" NA "BASI"

Ukishakiona kizuizi, kiwekee jibu mapema. Mtaalamu mwingine, Peter Gollwitzer, amechunguza mipango mifupi ya namna hii: ikiwa jambo fulani litatokea, basi nitafanya jambo fulani. Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 1997, wanafunzi walitakiwa kuandika taarifa wakati wa sikukuu ya Krismasi, katika muda wa saa 48. Waliopanga kabisa ni saa ngapi na mahali gani wataandika, karibu robo tatu walimaliza kwa wakati. Wale ambao hawakupanga hivyo, waliomaliza walikuwa kama theluthi moja. Wote walikuwa na nia. Tofauti ilikuwa saa na mahali.

Sasa nirudi kwa yule mama mchuma chai. Nilimwambia, "Mama, lengo lako ni nini hasa?" Akasema, "Utajiri." Nikamwuliza tena. Akafikiri, akasema, "Mabati ya nyumba ya mama." Hapo tulikuwa na jambo la kushika. Nilimwuliza ni nini kinachozuia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ukweli: siku ya mshahara, kabla ya kufika kambini, hupita dukani penye deni, na akitoka pale, fedha iliyobaki huisha kidogo kidogo bila kuiona.

Tukatunga maneno yake: "Ikiwa nimepokea mshahara, basi kabla ya kupita dukani nitapita kwa mtunza hazina wa chama cha akiba na mikopo." Alifumba macho pale pale nyumbani kwangu, akaiona njia: lango la kiwanda, mwembe, duka upande wa kulia, na yeye anakata kushoto. Akamwona mwenye duka anamwita. Akajitayarisha jibu la heshima: "Nitakuja kesho, mzee, na deni lako nitalipa kidogo kidogo."

Haikuwa njia iliyonyoka. Mwezi wa tano mtoto wake aliugua, na akiba ikatoka yote. Alinijia akilia kwamba mpango umekufa. Tukaongeza "ikiwa" nyingine: ikiwa akiba imetoka kwa ugonjwa, basi mshahara unaofuata naanza tena, hata kwa fedha ndogo. Alianza tena. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Mabati 20 yako juu ya nyumba ya mama yake leo, na mwenye duka amelipwa.

KUSEMA NA NAFSI YAKO

Na yale maneno ya kujiambia "Mimi ni tajiri"? Mambo haya si mapya. Huko Ufaransa, mwanzoni mwa karne iliyopita, mwuza dawa mmoja aitwaye Émile Coué aliwafundisha wagonjwa kurudia kila siku kwamba hali yao inazidi kuwa njema, na mafundisho yake yakaenea hadi Marekani.

Lakini mwaka 2009, Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, pamoja na wenzake, waliyapima maneno ya namna hiyo. Watu waliokwisha kujiona vizuri walipata faida kidogo. Wale waliojidharau, ambao ndio waliohitaji msaada, walijisikia vibaya zaidi baada ya kuyarudia. Sababu yake mfanyakazi yeyote anaweza kuielewa. Ukijiambia "Mimi ni tajiri" na tumbo linakujibu "Mwongo", umeanzisha ugomvi ndani yako mwenyewe, na tumbo ndilo litakaloshinda.

Kwa hiyo jiambie maneno ya kweli. "Jana niliweza mistari minne, leo nitaweza mitano." "Nimewahi kuanza tena, nitaanza tena." Na jambo jingine: jiite kwa jina lako, kama ndugu anavyomwita ndugu yake. Mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha kwamba watu waliotakiwa kuhutubia mbele ya wengine, wakajisemesha kwa majina yao badala ya kusema "mimi", walihutubia vizuri zaidi na hofu yao ikapungua. Mtu anapojisemesha kwa jina, husimama kando kidogo akajishauri kama anavyomshauri rafiki. Tena tunajua sote kwamba rafiki tunamshauri vizuri kuliko tunavyojishauri wenyewe.

TUSIFANYWE WAJINGA

Hapa, ndugu zangu, nataka tuelewane vizuri. Wapo wanaoyachukua mafundisho haya na kutugeuzia kuwa fimbo. Husema mshahara wako ni mdogo kwa sababu mawazo yako ni madogo. Hapana. Katika Uganda kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na kikakaa hivyo miaka mingi huku bei za vitu zikipanda mara nyingi mno. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili, lakini Rais hakuutia saini. Hata wafanyakazi wote wakifumba macho usiku kucha, namba hiyo haitapanda kwa kufumba macho. Wala mashine ya kuchuma chai haisimami kwa sababu mchumaji amejiambia maneno mazuri.

Mambo hayo yanahitaji chama, mapatano ya pamoja na sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, na haki ya kupatana na mwajiri kwa pamoja. Lakini chama nacho ni watu, na watu wenye ulimi uliokauka hawawezi kupatana na mwajiri. Mimi nilikuwa na haki zote hizo mfukoni siku ile ya kwanza ofisini, na bado nilitoka mikono mitupu.

Ndiyo maana katika tawi letu sasa hatuendi mezani kabla ya kufanya kama mzee wa boila. Mmoja anakuwa meneja, mwingine mwakilishi, wengine wanasikiliza. Anayekuwa meneja tunamwambia asiwe na huruma. Akina mama ndio wanaoshinda wote kwa kucheza meneja.

FANYA HIVI

Wewe unayesoma ukiwa kambini au karibu na mashine yako, jaribu mambo haya leo jioni. Hayana ada.

1. Taja lengo moja dogo la kweli linaloweza kuhesabika: mabati, mtihani wa ufundi, barua ya kwanza unayotaka kuisoma mwenyewe.

2. Fumba macho uone faida yake kwa muda mfupi tu, ili ujue kwa nini unajisumbua.

3. Kisha uone kizuizi. Kitaje kwa jina lake, hata kama kinakutia aibu.

4. Kiwekee "ikiwa" na "basi", pamoja na saa na mahali.

5. Ione kazi yenyewe hatua kwa hatua: mkono unashika nini, mguu unakwenda wapi, hofu inakuja wapi, na utajiambia neno gani la kweli inapokuja.

6. Mwambie mwenzako mmoja akuulize kila wiki umefika wapi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yule mama aliniuliza kama alikosa imani. Imani alikuwa nayo tele. Mtu asiye na imani hawezi kurudia maneno yale yale mwezi mzima baada ya kuchuma chai kutwa. Ila imani yake ilikuwa imepelekwa mahali pasipo na kazi ya kuifanya. Tulipoionyesha njia ya kukata kushoto penye mwembe, ilikwenda yenyewe.

Mzee wa boila amekwisha kufariki. Gogo lile bado lipo nyuma ya kiwanda, na kila tunapochagua mwakilishi mpya, tunamkalisha hapo kwanza.